Shangazi Amejitoa

Benchi lenyewe ni langu, ingawa sijawahi kulikalia. Nilizigongomea mbao misumari mwenyewe nje ya kibanda changu cha kinyozi, kwa nia njema kabisa, ili wateja wakisubiri zamu wasichoke miguu. Wateja hawajalikalia hata siku moja. Asubuhi nikifungua mlango nakuta limeshajaa wanaume watatu wasio na nywele za kunyoa wala shughuli ya kuwahi. Kuna Mheshimiwa, aliyegombea uongozi wa mtaa akashindwa, lakini cheo akaondoka nacho. Kuna Injinia, fundi wa pasi na feni, ambaye feni zikitoka mikononi mwake huvuta upepo badala ya kuutoa. Na kuna Redio, mwenye kisikilizio sikioni kutwa nzima, kimoja tu, kwa hiyo kila habari huipata nusu na nusu ya pili huijaza mwenyewe. Mbele yao kuna jiko la mkaa, juu ya jiko birika, na nyuma ya birika Shangazi. Ukiinua macho kutoka hapo unaona mapaa ya maghala, na juu ya mapaa unaona milingoti mitatu ya meli. Ugomvi wetu wote wa mwaka huu ulianzia kwenye hiyo milingoti.

Meli ni ya zamani, ya matanga. Ilikuwa imetelekezwa gatini mpaka ndege wakajenga viota juu yake na kulea. Kisha watu wa mitaa ya huku, walimu, wauguzi, mafundi seremala, wastaafu, wakakaa kikao wakasema hii ni mali ya jamii, tuifufue wenyewe. Mwenye nafasi yake anakwenda anasugua, anapaka rangi, anashona matanga, na hakuna anayelipwa. Watakaofika nayo mpaka mwisho watapewa vitanda kwenye safari ya kwanza.

Kijiwe kiliposikia hapo pa "hakuna anayelipwa" kiliumwa. Kikaumwa zaidi siku Shangazi alipofunika vikombe mchana, akafunga kitambaa kichwani na kutangaza kwamba anakwenda melini kujitolea, na kwamba kuanzia siku hiyo kahawa itakuwa ya asubuhi tu.

– Mtu mzima hafanyi kazi ya bure, Injinia alisema alipokwisha kuondoka. Umeme wenyewe hauendi bila waya wa kurudi. Ukiona kitu kinatoka, tafuta kinakoingilia.

– Kinaingilia wapi?

– Chini ya mbao. Mnadhani wanasugua ile sitaha kwa ajili ya usafi? Wanaipunguza unene. Leo kidogo, kesho kidogo, polepole mtu asishtuke. Chini kuna kitu.

– Kitu gani?

– Ningekijua ningekuwa nimekaa hapa?

Redio akachomoa kisikilizio, ambayo kwetu ni dalili kwamba taarifa inakuja. Alieleza kwa kirefu. Meli isiyotumia mafuta haiandikwi popote. Meli isiyoandikwa popote haipo. Na mtu akipanda meli ambayo haipo, yeye naye anakuwa hayupo, kwa hiyo watapelekwa bahari kuu, watahesabiwa kwamba hawapo, halafu kura zao zitapigwa na watu wengine.

Kusikia kura, Mheshimiwa alikaa wima.

– Ndiyo maana nilishindwa.

– Ulipogombea meli ilikuwa bado imeoza.

– Walianza maandalizi mapema.

Yeye Mheshimiwa alikuwa na lake. Watu wanaoamka pamoja, wanaimba pamoja na kuvuta kamba upande mmoja, alisema, hiyo si meli, hicho ni chama, na milingoti ni ya bendera. Hata hivyo hakuwa na ubaya nayo. Aliwahi kutufafanulia kwamba meli ni ya jamii, yeye ni jamii, kwa hiyo meli ni yake, na mwenye mali hasugui. Hakuwahi kuikanyaga. Alikuwa akiimiliki kutoka hapo hapo kwenye benchi, kwa miguu iliyokunjwa nne, huku akiitazama na kulalamika kwamba rangi waliyoichagua haikumpendeza.

Asubuhi kijiwe kikiyarudia, Shangazi aliyasikia yote haya huku anamimina. Siku moja walimuuliza uso kwa uso kule wanampa nini. Akasema wanampa kamba.

– Kamba ya nini?

– Ya kuvuta.

Kikombe kikazunguka. Wiki nzima kijiwe kikajadili hiyo kamba imefungwa kwenye nini. Redio aliapa kwamba upande wa pili kuna kisiwa.

Nataka kusema kitu kuhusu hilo jina. Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale. Mheshimiwa anamzidi umri, na yeye na mimi tunaweza kuwa tumezaliwa mwaka mmoja. Nani alianza kumwita hivyo hakuna anayekumbuka, nami nilimkuta anaitwa hivyo, nikaita. Ni jina zuri. Ukimwita mtu shangazi umeshampa heshima yake, na baada ya hapo hulazimiki kumuuliza jambo lolote.

Mimi alinisemesha mara moja tu, na hiyo ni kwa sababu ya soketi. Kila asubuhi alikuwa akiacha simu yake kwangu ichaji, ile simu ya vitufe aliyoifunga mpira wa manila ili betri isidondoke. Siku hiyo kijiwe kilikuwa kimechelewa. Akaegemea mlango, mikono yake ikiwa na malengelenge mapya juu ya makovu ya mkaa, akaniambia kwamba anachotaka ni hiyo safari ya kwanza. Si kazi, si sifa.

– Huu mtaa nimeuona kutoka chini miaka yote, kaka. Naona viatu na pindo za suruali. Nataka mara moja niuone kutoka majini, uwe mdogo, niuzibe kwa kiganja.

Nikacheka. Naye akacheka. Halafu akaongeza, huku anatafuta tundu la chaja:

– Na kule wananiita jina langu.

Nikasema: vizuri. Nikawasha mashine nikaangalia kama meno yake yamejaa mafuta. Nilikuwa na mteja wa mapema.

Sasa kilichoharibu mambo ni adabu ya Mheshimiwa. Wiki ya mwisho kabla ya safari, mpishi wa ile meli alikuja kwangu kupunguza ndevu. Mtu mwembamba, mpole, nimemfunga kitambaa shingoni, upande mmoja wa shavu umeisha na mwingine bado, akakumbuka alichotumwa. Shangazi alikuwa ameenda kuteka maji bombani. Mpishi akapaza sauti kupitia mlango kuwauliza wa benchini: yule mama wa kahawa, bado yumo? Nahodha anataka uhakika kabla hajagawa vitanda.

Mheshimiwa akiulizwa swali lenye harufu ya ofisi husimama. Alisimama, akafunga kifungo cha koti.

– Mwambie nahodha kwamba Shangazi amejitoa.

– Amejitoa?

– Kabisa. Mwili na roho. Hakuna wa kumrudisha.

– Basi pole yake, mpishi akasema.

– Pole yetu sisi, ndugu yangu. Lakini ameshaamua.

Nilikuwa na mashine mkononi inanguruma, na nilisikia, na sikuona kasoro. Hilo neno lina milango miwili. Mtu hujitoa kwa ajili ya jambo, akalipa nguvu zake zote, na mtu hujitoa kwenye jambo, akaenda zake nyumbani. Mheshimiwa aliingia kwa mlango wa mbele akiwa na hotuba yake. Mpishi akatokea kwa mlango wa nyuma akiwa na ndevu zake zimepunguzwa, akaenda kumwambia nahodha kwamba mwenzao amebadili mawazo. Mheshimiwa alikaa akiwa ameridhika mno. Alisema kumsifu mtu mbele za watu hakugharimu kitu.

Siku ya safari, Shangazi alichelewa. Alikuja na birika mkono mmoja na mkoba wa nguo begani, mkoba uliojaa, umefungwa kamba kwa fundo ambalo sijawahi kuliona kwa wauza kahawa. Alikuwa ametoka gatini. Akawasha moto, akaweka birika, akapanga vikombe. Aliponyooka akasema:

– Wameniambia nimejitoa.

Kijiwe kikachangamka.

– Hongera, Injinia alisema.

– Tena wamechelewa kukuambia, Mheshimiwa akadakia. Mimi nililisema mapema, mbele ya mpishi wao, nimesimama.

Shangazi akamtazama.

– Ulilisema wewe.

– Kwa fahari kubwa.

– Kitanda wamempa mtu mwingine.

Mimi nilikuwa ndani, nimemwinamia mteja, na hapo nilizima mashine. Nilidhani hata kijiwe chetu kitaona. Mheshimiwa akatikisa kichwa kwa upole, akamfafanulia.

– Ndiyo maana yenyewe ya kujitoa, Shangazi. Aliyejitoa kweli hadai kitanda.

Redio akasema kitanda cha melini ni chembamba, mtu akigeuka anaanguka. Injinia akasema afadhali sasa kahawa itarudi mchana. Wote watatu walikuwa wakimfariji, na ninaapa walikuwa wakimaanisha.

Shangazi aliingia kwangu, akachomeka simu kama kawaida yake, akatoka. Machoni hakuwa na chozi. Alikuwa na uchovu tu, ule wa mtu aliyeambiwa jambo ambalo alikuwa akilitarajia maisha yake yote. Akaweka mkoba begani.

– Leo mjimiminie wenyewe, akasema.

Akaelekea kona ya duka la magodoro, akakata, akapotea. Kijiwe kikajimiminia. Ilichukua muda, kwa sababu hakuna aliyejua mfuniko unafunguka upande gani.

Jua lilikuwa limepanda kiasi mwanamke mmoja alipotokea upande wa gati, anatembea haraka. Alikuwa na mabega mapana na kisu kidogo kimening'inia kiunoni kwa kamba. Alijitambulisha kwamba ndiye serahangi wa ile meli, yaani mkubwa wa mabaharia wote wa sitahani. Alisalimu mara moja kwa wote.

– Namtafuta baharia wetu, akasema.

Akalitaja jina. Majina mawili, lake na la baba yake. Mimi kwenye kelele za mashine nililipata vipande.

– Hapa hakuna mtu wa jina hilo, Mheshimiwa alisema. Mtaa huu naujua nyumba kwa nyumba, niliuomba kura.

– Aliniambia akihitajika niulize hapa. Benchi la kinyozi.

– Basi amekudanganya.

Serahangi akasema haiwezekani. Kijiwe kikamkaribisha akae kidogo, kikamkamulia birika kikombe cha mwisho, kilichotoka na machicha, kisha kikaanza kumsaidia kwa namna kinavyosaidia.

– Baharia wa kike, Redio alisema. Hilo jina nimelisikia juzi. Kuna mtu anatafutwa kwa jina hilo hilo, aliuza daraja.

– Daraja lipi?

– Habari ilikatika hapo.

Injinia alipinga. Kwa maoni yake jina refu namna hiyo si la mtu, ni la mitambo. Huenda serahangi alitumwa akatafute pampu, akasikia vibaya. Serahangi akamjibu kwamba pampu haina mikono, na huyu ana mikono mizuri kuliko yote iliyopo sitahani kwake.

– Mrefu? Mheshimiwa akauliza.

– Wa kawaida.

– Ana jino la dhahabu?

– Sijaliona.

– Wanalificha, Redio akasema.

Kufikia hapo baharia alikuwa ameshapata sura. Ni mrefu, ana jino la dhahabu, aliwahi kuolewa na mwenye ile meli enzi hizo, mwenye meli akamkimbia, naye amerudi kwa jina la bandia kuidai. Mheshimiwa, ambaye dakika chache nyuma hakuwahi kusikia habari zake, alianza kumkumbuka. Alisema alikuwa mwanamke mwenye kiburi sana na kwamba hata yeye hakumpigia kura. Nilimwona serahangi akiangalia kikombe chake, kisha akiangalia milingoti, na nadhani alikuwa akipima kama inawezekana watu hawa wakawa ndio watu alioelekezwa.

– Ngoja nimpigie, akasema. Nilimpigia njiani hakupokea.

Akabonyeza simu yake.

Kwenye rafu yangu, kati ya kopo la poda na chupa ya spiriti, simu ya vitufe yenye mpira wa manila ikaanza kulia.

Nilizima mashine. Mteja wangu, aliyekuwa amenyolewa nusu ya kichwa, akageuka. Wa benchini wakageuka. Serahangi akakata, simu ikanyamaza. Akapiga tena, ikalia tena. Nikaichomoa kwenye chaja nikatoka nayo nje, na nilitamani kibanda changu kingekuwa na mlango wa nyuma.

– Hii ni ya Shangazi, nikasema.

– Shangazi ndiye nani?

– Shangazi wa kahawa.

– Shangazi wa nani?

– Wa hapa, Injinia akasema. Akaonyesha jiko, kana kwamba Shangazi amezaliwa na jiko.

Serahangi hakuwa na muda wa kutushangaa. Alisema yaliyotokea kwa maneno machache. Mpishi alileta habari kwamba amejitoa, kitanda akapewa mwalimu mmoja. Alfajiri Shangazi amekuja na mkoba wake, aliyekuwa zamu kwenye ngazi akamwambia wewe si umejitoa, naye hakubisha, akageuza. Ningekuwepo mimi ningemuuliza, alisema. Sasa mwalimu ametapika tangu kupambazuka, na meli bado imefungwa gatini. Ameshuka kwa miguu yake mwenyewe na hataki hata kuitazama. Kitanda kiko wazi.

– Nani alimwambia mpishi amejitoa?

Mheshimiwa alikuwa amesimama tayari, kifungo cha koti kimefungwa. Akakifungua.

– Neno lenyewe ni pana, akasema. Mimi nilikuwa namsifu.

– Sijali. Anakaa wapi?

Pale kijiweni nimesikia maswali mengi. Nimesikia mwezi una uzito gani, nimesikia bahari inatupa wapi maji ya ziada, nimesikia kwa nini kuku halii machozi, na yote yalijibiwa kabla muulizaji hajafunga mdomo. Hili lilikaa katikati yetu. Redio akatoa kisikilizio, akakikunja waya, akakitia mfukoni. Injinia akanyoosha mkono kuelekea kona ya duka la magodoro, na Mheshimiwa akanyoosha wa kwake kuelekea upande wa pili. Wakatazamana, wakaishusha mikono.

– Ana watoto? serahangi akauliza. Mume? Ndugu?

Nilijaribu kukumbuka. Nilijua anaweka tangawizi mwishoni. Nilijua akikohoa hugeuka pembeni. Vitu hivyo havimpeleki mtu mlangoni kwake.

– Alituambia akihitajika tuje hapa, serahangi akasema, na safari hii sauti yake haikuwa kali. Alisema ninyi ndio watu wake.

Iliniuma. Sijui benchi lilisikiaje. Muda wote huo nilidhani sisi ndio tunaomvumilia kwa kutunyima kahawa ya mchana.

Serahangi alisimama. Maji yakianza kupwa wanafungua kamba, alisema, na bahari haimngoji mtu wala nahodha. Mkimpata mwambieni akimbie, mkoba hata asiubebe, nguo tutamtafutia. Akaondoka kuelekea gatini, nusu anatembea nusu anakimbia.

Sikuwa nimewahi kuona kijiwe kikiamka. Kiliamka. Benchi langu, kwa mara ya kwanza tangu niligongomee, likabaki tupu mchana kweupe. Mteja wangu aliuliza je, na kichwa chake, nikamwambia anisubiri, akasema hawezi kusubiri na nusu, akatufuata na kitambaa changu shingoni. Tukafika kona ya duka la magodoro tukihema, simu ya Shangazi mkononi mwangu. Mbele yetu mtaa ulikuwa mrefu, mwembamba, milango kushoto na kulia, yote inafanana, nguo zimeanikwa kwenye kamba kutoka dirisha hadi dirisha.

– Mwiteni, nikasema.

Mheshimiwa akajaza mapafu, akafungua mdomo, kisha akaufunga.

– Jina lilikuwa nani vile?

Redio akalitaja. Injinia akasema silo, akataja jingine. Mheshimiwa akasema yote mawili si yenyewe, la kweli lilikuwa na herufi ya kwanza kama ya jina la mama yake, akataja la tatu. Tulikuwa tumelizungumza jina lile kwa kirefu, tumelivika jino la dhahabu na mume aliyetoroka, na katikati ya kulivika tukalipoteza. Wakanigeukia mimi. Nilikuwa na mashine inanguruma, nikasema. Kila siku nina mashine inanguruma.

Basi tukaita kwa lile tulilokuwa nalo. Tuliita wote kwa pamoja, na hata mteja wangu akatusaidia, mtu ambaye hakuwahi kumwona.

– Shangazi!

– Abee, akaitika mwanamke aliyetokea mlangoni na povu la sabuni mpaka viwiko.

– Abee, akaitika mwingine dirishani, futi ya fundi cherehani shingoni.

Mlango wa tatu ukafunguka, wa nne ukafunguka. Akatoka mmoja na mtoto mgongoni. Akatoka mmoja anatafuna, mkono juu ya macho kuzuia jua. Mtaa mzima ukatoka nje kuitika, wanene na wembamba, wazee na wasichana wa juzi, kila mmoja ni shangazi wa mtu fulani, kila mmoja ameacha kazi yake kwa sababu ameitwa kwa heshima. Wetu hakuwemo. Labda alikuwa nyuma ya mlango mmojawapo, amekaa juu ya mkoba wake, anasikia tunavyomwita jina ambalo kule melini alikuwa ameepukana nalo.

Simu ikaanza kulia mkononi mwangu. Sikuipokea; ningeanzaje kumuuliza serahangi jina la mtu niliyekuwa naye miaka yote? Nyuma ya mapaa, mlingoti wa kwanza ulikuwa umeanza kusogea, taratibu sana, ukiachana na ukingo wa ghala.

Bibi mmoja mwenye fimbo akashuka ngazi za mlango wake. Aliwapita wenzake wote, akaja akasimama mbele ya Mheshimiwa, akamtazama usoni kama anayemkumbuka kutoka wakati wa kura.

– Shangazi yupi? akauliza.

Mheshimiwa akaniangalia. Mimi nikamwangalia Injinia, na Injinia akamwangalia Redio, ambaye alikuwa akipapasa mfuko akitafuta kisikilizio chake. Bibi akasogea karibu zaidi. Labda alidhani hatukumsikia. Akauliza tena polepole, neno moja moja, namna mtu anavyowauliza watoto waliopotea.

– Shangazi yupi, wanangu?